Petey Greene: Mfungwa Aliyeuchekesha Mji Mpaka Ukamsikiliza

Ndugu msomaji, hii ni habari ya mtu aliyekufa wengi wetu hapa chuoni tukiwa bado hatujazaliwa. Alikuwa mwizi, mlevi na mfungwa. Halafu akawa mtangazaji wa redio, na alipokufa inakadiriwa watu 10,000 walipanga foleni kwenye baridi kumuaga. Jina lake la kuzaliwa ni Ralph Waldo Greene, lakini mji mzima ulimwita Petey. Ninaandika habari zake kwa sababu nina jambo langu binafsi na yeye, na jambo lenyewe lilianzia kwenye ukumbi wetu wa hapahapa, usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza.

Mimi kwetu Mbwara, Rufiji. Ukitoka Dar unapita Mbagala, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Daraja la Mkapa, halafu unaiacha lami na kuanza kupatana bei na bodaboda. Usiku ule mshereheshaji alikuwa anapita na maiki katikati ya viti, anauliza mmojammoja kwao wapi. Wa Moshi akapigwa utani wa pesa, wa Mwanza utani wa samaki. Ikafika zamu yangu. Niliposema Rufiji, jamaa akaruka nyuma kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Akauliza kama nimekuja kwa basi au nimepanda mamba. Akasema kwetu mamba ndiye kondakta, na nauli unalipa kwa mguu. Ukumbi ulipasuka. Na mimi nikacheka. Kiukweli nilicheka kuliko wote, maana ukicheka sana unaonekana kama vile si wewe unayechekwa.

Ila nina shangazi yangu aliyeolewa kijiji cha mtoni. Huyu alishikwa na mamba akichota maji. Wenzake walivuta huku, mamba anavuta kule, na mwisho wake shangazi akabaki na uhai wake na mkono mmoja. Usiku ule nilirudi bwenini nikalala naangalia dari. Nilijiona nimeuuza mkono wa shangazi kwa kicheko cha dakika moja.

Cha ajabu, bingwa wa utani wa mkono ule ni shangazi mwenyewe. Mtu akija kumdai, anamwambia avumilie mpaka mamba arudi, maana pesa alikuwa ameishika kwenye mkono uleule. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na hakuna anayeumia. Sasa nikawa najiuliza: kwa nini utani uleule ukitoka kwa shangazi unaniacha mzima, na ukitoka kwa yule mshereheshaji unaniacha nimevunjika? Jibu sikulipata kwenye lecture. Nilianza kuliona chumba cha jirani, tukiwa watu sita kwenye kitanda kimoja mbele ya laptopu, tunaangalia filamu ya mwaka 2007 inayoitwa Talk to Me. Petey Greene ameigizwa na Don Cheadle. Filamu ni filamu, imetiwa chumvi na ndimu. Nikaenda kumsoma mtu mwenyewe, na ninayoyaandika hapa ni ya huyo, si ya kwenye skrini.

Mjukuu wa bibi

Petey alizaliwa tarehe 23 Januari 1931 katika mji wa Washington, makao makuu ya Marekani. Tukisikia Washington tunafikiria Ikulu yao nyeupe na marais wanaoshuka kwenye helikopta. Kuna Washington nyingine nyuma ya hiyo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 zaidi ya nusu ya wakazi wa mji ule walikuwa watu weusi, na mji mzima ulikuwa unaendeshwa na Bunge la nchi. Wakazi wake, weusi kwa weupe, walipiga kura ya rais kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Meya wa kuchaguliwa wenyewe walisubiri mpaka uchaguzi wa mwaka 1974. Yaani mtu anaishi kilomita chache kutoka kwenye jengo linalojiita nyumba ya demokrasia, na hana hata wa kumlalamikia taka zisipozolewa. Huo ndio mji uliomzaa Petey.

Aliyemlea ni bibi yake, Maggie Floyd. Mtaani walimpa jina la utani ambalo kwa Kiswahili ni Shangazi Nguruwe, na ninakiri kwamba kwetu Rufiji, kwa sisi tuliopita madrasa, jina hilo lisingevuka kizingiti cha mlango. Lakini bibi mwenyewe ungempenda. Alikuwa na mdomo, alikuwa na hadithi, na hakumpamba mtu kwa maneno. Petey maisha yake yote alimtaja bibi huyu kama chuo chake cha kwanza. Mtu aliyelelewa na bibi anajua ninachosema. Mjukuu hujifunza kuongea kwa kumsikiliza bibi akigombana na dunia nzima huku anachambua mboga.

Shule haikumkaa. Aliiacha mapema, akaingia jeshini akiwa na miaka 16, akaenda mpaka vita vya Korea. Jeshi lilimalizana naye mwaka 1953. Alirudi mtaani bila cheti, bila kazi, akiwa rafiki mkubwa wa chupa. Mwaka 1960 alipatikana na hatia ya kuvamia duka la vyakula akiwa na silaha. Akapewa miaka 10.

Dakika 20 za asubuhi

Gereza lilikuwa Lorton. Liko katika jimbo la Virginia, lakini lilikuwa la mji wa Washington; wafungwa wa mjini walisafirishwa kwenda kufungiwa huko. Limefungwa mwaka 2001. Humo ndani ndimo kazi ya Petey ilimoanzia, kwa sababu gereza lilikuwa na redio yake ya ndani, na Petey akapewa maiki: dakika 20 asubuhi na dakika 20 usiku.

Hebu tafakari hizo dakika 20 za asubuhi. Msikilizaji wako hana pa kwenda, hana stesheni ya kuhamia, na ameamka palepale alipolala jana. Humdanganyi kwamba leo ni siku nzuri. Ukimletea maneno ya kwenye kalenda atakutukana. Kinachobaki ni kumwambia ukweli anaoujua, lakini uuseme namna ambayo itamfanya acheke. Anayeutamka ukweli huo naye kavaa sare ileile na anakula uji uleule. Nadhani hapo ndipo Petey alipojifunza kazi. Vyuo vya utangazaji vinafundisha kupumua na kutamka. Lorton ilimfundisha kwamba mcheshi ni yule aliyemo ndani ya kichekesho.

Alivyotoka gerezani ni kichekesho kingine, na alikuwa anakisimulia mwenyewe bila aibu. Mwezi Mei 1966 mfungwa mmoja alikwea juu kabisa, mahali ambapo akijiachia anaokotwa vipandevipande, akatishia kujiua. Askari wakahangaika. Petey akaomba azungumze naye, akazungumza, jamaa akashuka. Wakubwa wa gereza wakafurahi, kifungo kikapunguzwa, na mwaka huohuo Petey akawa nje. Baadaye ndipo akaeleza upande wa pili: yeye ndiye aliyempandisha yule jamaa. Kumshusha kulikuwa kazi ndogo tu. Kumshawishi apande ndiko kulikomla miezi sita.

Unaweza kusema huo ni utapeli, na sikukatalii. Lakini angalia jambo moja. Angeweza kufa na siri hiyo akabaki shujaa. Aliitoa mwenyewe, na akajifanya yeye ndiye kituko.

Redio ya watu wenye njaa

Huku nje alikuwepo mtu mmoja aitwaye Dewey Hughes, mtangazaji mweusi wa stesheni ya WOL, iliyokuwa inasikika Washington kwenye AM 1450 ikipiga muziki wa soul. Huyu ndiye aliyemwingiza Petey hewani. Kipindi kiliitwa Rapping with Petey Greene, na rap hapo si ile ya kina Profesa Jay. Ilikuwa na maana ya kupiga soga, kuongea bila kupindisha.

Niache kidogo Washington nirudi Mbwara, utaona kwa nini. Babu yangu alikuwa na redio ya betri aliyoitunza kuliko baiskeli. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati pamoja na mihogo, jioni zikapata uhai wa kusikilizia taarifa ya habari na Pwagu na Pwaguzi. Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Stesheni za FM za watu binafsi zilianza kuja mwaka 1994 na kuendelea. Babu alikuwa anasema kwamba mtangazaji wa taarifa ya habari alikuwa anamheshimu, lakini Pwagu na Pwaguzi alikuwa anawafahamu. Wa kwanza alizungumza kutoka juu. Wale wawili walikuwa kama wamekaa naye mkekani, wajanja wa mjini wanaoumbuka kila siku kwa ujanja wao wenyewe.

Petey aliviweka vyote viwili kwenye mdomo mmoja. Alizungumzia kodi za nyumba, ubaguzi, madawa ya kulevya, wanasiasa wanaokuja mtaani kabla ya kura tu. Hayo ni mambo ya taarifa ya habari. Lakini aliyasema kwa lugha ya kijiweni, matusi yakichungulia mlangoni, na hakuna aliyepona: serikali haikupona, matajiri hawakupona, na masikini wenzake nao walipata zao pale walipostahili. Na wa kwanza kuchapwa kila siku alikuwa Petey Greene mwenyewe. Akimsema mlevi, alianza na ulevi wake. Akimsema mwizi, aliwakumbusha kwamba anazungumza kama mtaalamu. Aliyeacha shule alikuwa akiwahimiza watoto wasome, na hakujifanya mwalimu. Alijitoa yeye kama mfano wa kinachotokea usiposoma.

Weusi wenye nafasi zao, waliopigania miaka mingi waonekane watu wa heshima, wengi walimwonea aibu. Waliona anawarudisha nyuma. Hapa kuna mfano mmoja ambao ukiuelewa umemwelewa Petey mzima, nao ni wa tikiti maji. Alikuja kuufanya kwenye televisheni, kwenye kipindi chake kilichoitwa Petey Greene's Washington, kilichorushwa na chaneli 20 ya mji ule kuanzia 1976 mpaka 1982 na kumpatia tuzo mbili za Emmy.

Wamarekani weusi wana kidonda na tikiti. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, watu weusi walioachwa huru walilima na kuuza matikiti, wakapata visenti vyao. Weupe waliochukia uhuru ule wakaligeuza tunda kuwa tusi: wakachora mtu mweusi mvivu, mchafu, mdomo wazi, tikiti mkononi. Picha hizo zilisambazwa kwa miongo mingi, mpaka ikafika mahali mtu mweusi mwenye suti anaogopa kula tikiti mbele za watu. Petey akaweka tikiti mezani mbele ya kamera na kuwafundisha watazamaji jinsi ya kulila. Akawacheka wanaolikata vipande vidogovidogo na kuchoma kwa uma kama wagonjwa. Akaonyesha namna yenyewe: kwa mikono, uso mzima ndani, mbegu unatema.

Nilipoiona sehemu hiyo nilicheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu kwetu tikiti la shambani tunalipasua kwenye goti. Kisha nikaacha kucheka nikafikiria. Angekuwa mzungu amekaa kwenye kile kiti, lingekuwa tusi lilelile la zamani. Alipokaa Petey, tusi liliisha nguvu. Alilichukua tunda kutoka kwenye mikono ya waliolichafua na kulirudisha kwa wenyewe, likiwa tamu. Shangazi naye hufanya hivyohivyo na mkono wake. Mamba alichukua mkono. Hadithi ya mkono shangazi hakumwachia.

Usiku wa Aprili

Sasa nifike kwenye siku ambayo utani wote ule ulilipa deni lake. Tarehe 4 Aprili 1968, jioni, Martin Luther King alipigwa risasi mjini Memphis akafa. Habari zilipofika Washington watu walimiminika barabarani. Kwanza walitaka maduka yafungwe kwa heshima ya marehemu. Halafu kioo cha kwanza kikavunjika. Kwa siku nne mitaa ya watu weusi, hasa barabara ya 14, iliungua. Wanajeshi zaidi ya 13,000 waliingizwa mjini. Waliokamatwa walipita 6,000, na waliokufa walizidi 10.

Katika hali kama hiyo nani anasikilizwa? Polisi walikuwa hawasikilizwi. Wanasiasa ndio hao ambao mji haukuwachagua. Wazee wa heshima walikuwa wanazungumza kutoka juu, kama mtangazaji wa taarifa ya habari kwa babu yangu. Petey Greene alishika maiki ya WOL na kuwaomba watu warudi nyumbani. Hakuwaambia kwamba hasira yao si halali. Yeye mwenyewe alikuwa nayo. Hoja yake ilikuwa ya mtaani: mnachochoma ni kwenu, na kesho ni nyinyi mtakaokosa pa kununua mkate. Watu wa Washington waliokuwepo wanamkumbuka kama mmoja wa waliosaidia kuupoza mji. Sisemi kwamba alizima moto peke yake, maana moto uliwaka siku nne. Ninachosema ni kwamba alikuwa na kitu ambacho wenye vyeo hawakuwa nacho: watu waliamini kwamba hawezi kuwauza, kwa sababu kila walipochekwa, na yeye alikuwa ndani.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kulisahau. Don Cheadle, yule aliyemwigiza Petey, miaka mitatu kabla yake aliigiza Hotel Rwanda. Katika filamu ile kuna redio inayosikika nyuma ya mambo yote. Redio hiyo ilikuwepo kweli: RTLM, iliyoanza kurusha Kigali mwezi Julai 1993. Haikuanza kwa kunguruma. Ilianza kwa muziki mtamu wa Zaire, salamu, lugha ya vijiweni na vichekesho. Mtangazaji wake aliyependwa kuliko wote, Kantano Habimana, alikuwa mcheshi hasa. Watu walimfungulia kwa sababu alikuwa anachekesha, hata baadhi ya wale aliokuwa anawacheka. Ilipofika Aprili 1994 mdomo uleule ulikuwa unahimiza mauaji, na ndani ya siku kama 100 walikuwa wameuawa watu wanaokadiriwa kufika 800,000 au zaidi. Kesi za wakubwa wa redio ile zilisikilizwa hapa kwetu, Arusha, na hukumu ikatolewa Desemba 2003.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kichekesho hakina madhara ati kwa sababu ni kichekesho. Aprili mbili, maiki mbili, wacheshi wawili. Wote walijua lugha ya mtaani, wote walikuwa na ulimi. Tofauti yao si kipaji. Kantano aliwachekesha watu dhidi ya jirani ambaye yeye hakujihesabu kuwa mmoja wao. Petey alianza na nafsi yake, kisha nyumba yake, kisha mtaa wake, ndipo akafika Ikulu.

Kijiko cha Ikulu

Na Ikulu alifika kweli. Machi 1978 Rais Jimmy Carter alimwandalia dhifa Tito wa Yugoslavia, yule rafiki wa nchi zisizofungamana na upande wowote, ambaye hata hapa Tanzania alishakuja kututembelea. Miongoni mwa wageni alikuwepo Petey Greene, mfungwa mstaafu. Angeweza kurudi mtaani na picha ya kutundika ukutani na sauti mpya ya kikubwa. Alirudi na kichekesho: kwamba ameondoka na kijiko cha Ikulu. Mtaa ukaelewa. Alikuwa anawaambia kwamba amekwenda na amerudi yuleyule.

Isieleweke kwamba ninamtakasa. Alikunywa miaka mingi, kwa kiasi cha kumwumiza yeye na waliompenda. Utani juu ya pombe yake ulikuwa wa kweli, na kusema ukweli juu ya ugonjwa hakukuuponya. Nadhani hapo ndipo ukomo wa ucheshi wake ulipo: unaweza kuuambia mji mzima kasoro zako, ukapigiwa makofi, na kasoro zikabaki palepale zinakula ini. Alikuja kuacha pombe mwishoni na kumgeukia Mungu, lakini mwili ulikuwa umeshatoa hesabu yake.

Alichokifanya vizuri nje ya maiki kilikuwa kwa watu wa aina yake. Alisaidia kuanzisha shirika la kuwashika mkono waliotoka gerezani, wapate kazi na pa kulala kabla duka la vyakula halijaanza kuwaita tena. Alijua barabara ile.

Alikufa kwa saratani ya ini tarehe 10 Januari 1984, siku 13 kabla hajatimiza miaka 53. Ilikuwa katikati ya kipupwe, na watu wakapanga ile foleni niliyoitaja mwanzoni. Hakuwa amewahi kuchaguliwa kwa lolote. Mali hakuwa nayo ya kugawa. Nikijaribu kuwaona waliosimama pale, nawaona watu ambao aliwahi kuwacheka, kila mmoja na siku yake, na wamekuja.

Simu kwa shangazi

Ndugu msomaji, sasa unaelewa kwa nini nimeandika. Mwaka huu jumuiya yetu imeniomba mimi niwe mshereheshaji wa usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Ni maiki ileile, na viti ni vilevile. Kati ya wale watoto watakaokuwa wamekaa na mabegi yao, bumu halijaingia, hawajui hata vimbweta viko wapi, atakuwepo wa Rufiji, wa Kigoma, wa Mtwara, wa Simanjiro. Utani wa makabila na mikoa ni mali yetu Watanzania, tena ni mali nzuri, sitaki kuufuta. Lakini utani wa watani una sheria. Mtani anakuja kwenye msiba wako, anaosha vyombo, anabeba jeneza, ndipo anakutania. Mshereheshaji wa mwaka ule alichukua utani akaacha jeneza.

Nimeamua kuanza na mimi. Nitasema natoka Mbwara kabla hajatokea wa kuniuliza, na nitasimulia habari ya mamba. Ila kabla ya kuamua nilimpigia simu shangazi kuomba ruhusa, maana mkono si wangu. Nikamweleza na habari za Petey. Akauliza huyo Mmarekani alikuwa na watoto wangapi na alifia nini. Nilipomwambia pombe, akasikitika kama anamfahamu.

Ruhusa alinipa, kwa masharti. La kwanza, nisiseme ulikuwa mkono wa kushoto, ulikuwa wa kulia, wenye kazi. La pili, niwataje wanawake waliomvuta, maana bila wao kichekesho kisingekuwa na mtu wa kukisimulia. La tatu ndilo lililoninyamazisha. Alisema nisiache kueleza alifuata nini mtoni asubuhi ile. Alifuata maji, kwa kuwa bomba la kijijini lilikuwa limekauka. Watu wanamcheka mamba miaka yote hii, akasema, na bomba hakuna anayelicheka.

Nilikaa na simu mkononi nikiwaza kwamba Petey Greene angemwajiri shangazi siku hiyohiyo.

Kabla ya kukata akaniagiza nimwombe mtu arekodi usiku huo na nimtumie kwa WhatsApp. Anataka kusikia kama watacheka mahali panapostahili.